Hiki ni nini? Zawadi za Mungu ambazo hatukuziomba

 Natumaini safu hii imekukuta umetoka ibadani, au unajiandaa kwenda. Kama Jumapili ya leo imekukuta na furaha, mshukuru Mungu. Kama imekukuta na mzigo, kaa nami hadi mwisho, kwa sababu tafakari ya leo ni yako zaidi.

Huenda wewe ni mkulima wa Handeni. Masika yalipoanza ulipanda mahindi, yakachipua vizuri, yakafika magotini, kisha mvua ikakatika. Ukakopa mbegu nyingine ukarudia, nazo zikakauka. Huenda wewe ni kijana wa Korogwe, umemaliza chuo miaka kadhaa iliyopita, na sasa unaendesha bodaboda ya mtu mwingine na kila jioni unapeleka hesabu. Huenda wewe ni mama uliyebaki na watoto wanne, na dumu la maji linakutoa kitandani kabla jogoo hajawika. Umeomba. Umefunga. Sadaka umetoa. Jumapili unakaa kwenye benchi la kanisa unawasikiliza wenzako wakishuhudia nyumba, gari na ajira, na moyoni unajiuliza kimyakimya: je, Mungu amenisahau mimi?

Sitakuambia kwamba kesho mambo yako yatakuwa shwari. Kesho yako inajulikana na Mungu peke yake. Lakini kuna jambo ambalo Maandiko yanalirudia mara nyingi, nalo tunalipita haraka: Mungu hutoa zawadi ndani ya wakati mgumu wenyewe, na mara nyingi zawadi hizo huja na sura ambayo mpokeaji haitambui. Tatizo letu kubwa huenda si kwamba hatujapewa kitu. Huenda tumepewa, tukakitazama, tukauliza ni kitu gani, kisha tukakipita.

Chakula kilichoitwa kwa swali

Fungua Biblia yako kitabu cha Kutoka, sura ya 16. Wana wa Israeli wametoka Misri mwezi mmoja tu uliopita. Chakula kimekwisha, jangwa liko mbele, jangwa liko nyuma. Wanaanza kumnung'unikia Musa na Haruni wakikumbuka sufuria za nyama za Misri, kana kwamba kule hawakuwa watumwa. Njaa ina tabia hiyo. Inaweza kumfanya mtu aisahau minyororo yake na kukumbuka mchuzi peke yake.

Mungu akaahidi mkate kutoka mbinguni. Asubuhi umande ulipoondoka, watu wakatoka nje ya hema zao wakakuta juu ya ardhi vitu vidogo vidogo, vyeupe, vimetapakaa. Hakikuwa kitu walichokizoea. Wakaulizana wao kwa wao, "Hiki ni nini?" Kwa Kiebrania swali hilo linasikika kama "man hu", na jina la chakula hicho, mana, likatokana nalo. Kwa miaka 40 watu hawa walikula chakula ambacho jina lake ni swali. Kila mama aliyemwita mtoto wake aje kula mana alikuwa anarudia mshangao wa asubuhi ile ya kwanza.

Tazama mambo mawili katika habari hii. La kwanza, mana haikuanguka Gosheni, kwenye malisho mazuri na mto karibu. Ilianguka jangwani, mahali ambapo hakuna aliyeweza kulima. Na Yoshua 5:12 inatuambia kwamba walipoingia Kanaani na kula mazao ya nchi, mana ikakoma. Ilikuwa zawadi ya jangwani. Ambaye hakupita jangwani hakuijua ladha yake.

La pili, waliopewa hawakuwa watakatifu waliokuwa magotini wakisifu. Walikuwa wananung'unika. Hii ni habari njema kwako wewe unayedhani kwamba malalamiko yako ya juzi usiku yamekuondolea nafasi mbele za Mungu. Hakusubiri watu watulie ndipo awape chakula.

Njaa iliyowapeleka mbali

Sasa tutoke Sinai tuje Handeni. Wazigua wanayo habari ambayo ingefaa kusimuliwa katika kila shule ya Jumapili mkoani Tanga.

Miaka ya 1830, njaa kubwa iliyotokana na ukame iliipiga nchi ya Uzigua. Masimulizi yaliyorithiwa yanasema kwamba watu wengi walifika pwani wakitafuta chakula. Wengine walidanganywa kwamba watapelekwa mahali penye kazi na mavuno. Wengine waliuzwa. Walipakiwa kwenye majahazi, wakashushwa pwani ya Somalia, wakawa watumwa katika mashamba yaliyokuwa ng'ambo ya lugha yao na ya kila walichokijua.

Baadaye wengi wao walitoroka. Wanasimulia juu ya kiongozi mwanamke, Wanakhucha, aliyewaongoza kutoka utumwani kwa nia ya kurudi kwao. Safari haikufika mwisho waliouota. Waliweka makao katika misitu ya bonde la mto Juba, wakafyeka, wakalima, wakazaa. Kizazi kikapita, na kingine, na kingine. Lakini ndani ya nyumba zao waliendelea kusema Kizigua.

Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka na vita vikaenea. Wakulima wa bonde la Juba, ambao hawakuwa na koo zenye silaha za kuwalinda, waliporwa na kuuawa. Waliokimbia walielekea Kenya, na wengine wakaja Tanzania, baadhi yao kwa njia ya bahari. Wakapokelewa Handeni, kwanza katika kambi ya Mkuyu, na kuanzia mwaka 2003 katika makazi ya Chogo. Maelfu ya ndugu zao walipelekwa Marekani kuanzia miaka hiyohiyo.

Fikiria, msomaji wangu. Watu walioondolewa na njaa, wajukuu wa wajukuu wao wanarudi zaidi ya miaka 150 baadaye, wakikimbia risasi, na wanapofungua kinywa wenyeji wanawaelewa. Maneno yamebadilika hapa na pale, kama inavyokuwa kwa ndugu waliotengana, lakini ni Kizigua. Tanzania iliwapa ardhi ya kulima, na zaidi ya elfu moja kati yao wakapewa uraia.

Wengi wa watu hawa ni Waislamu, nami siisimulii habari yao ili niifanye yetu. Naisimulia kwa sababu inanikumbusha kijana mmoja wa Biblia ambaye naye aliuzwa, akavushwa mpaka, na miaka mingi baadaye akakutana na ndugu zake kwa sababu ya njaa. Yusufu, mwishoni mwa kitabu cha Mwanzo, sura ya 50 mstari wa 20, aliwaambia ndugu zake kwamba wao walikusudia kumtenda mabaya, lakini Mungu alikusudia mema, ili watu wengi waokolewe.

Lisome neno hilo polepole. Yusufu hakusema kwamba kuuzwa kulikuwa kuzuri. Hakusema kaka zake hawakukosea. Aliuita ubaya kwa jina lake, ubaya. Kisha akasema kwamba mkono wa Mungu ulikuwa unafanya kazi palepale ambapo mikono ya watu ilikuwa inaharibu. Mkristo hapaswi kuyachanganya mambo hayo mawili. Utumwa ni dhambi, na hautakuja kuwa baraka hata siku moja. Lakini ndani ya jahazi lile la huzuni kulikuwamo kitu ambacho hakuna mfanyabiashara aliyekihesabu wala kukitoza ushuru: lugha ya mama, iliyokaa ulimini mwa mtoto ikingoja siku itakapohitajika.

Nawe, katika yote uliyoporwa, kuna kitu hakikuporwa. Pengine ni wimbo wa tenzi aliokufundisha bibi. Pengine ni uwezo wako wa kushona, wa kulima, wa kunyamaza pale wengine wanapogombana. Pengine ni jina zuri ambalo wazazi wako walikuachia mtaani. Hujakihesabu kwa sababu hakiuziki. Kihesabu leo.

Kilichotupwa kikawasha taa

Twende Korogwe. Ukipita barabara kuu kutoka Segera kwenda Mombo, macho yako yanakutana na mkonge. Wengi tumeuzoea kiasi kwamba hatuuoni. Lakini mkonge wenyewe ni habari ya mabaki.

Mwaka 1893, mtaalamu wa kilimo Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilisafiri kwa meli kupitia Hamburg. Njiani ikafa mingi. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mtu mwingine angesema mzigo umeharibika, atupe yote. Lakini miche hiyo 62 ilipandwa karibu na Pangani, ikazaa mingine, na kutoka hapo yakaenea mashamba yaliyolifanya jina la Tanganyika lijulikane duniani kote kwa zao hilo. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge.

Hatuwezi kuisema sifa hiyo bila kuyasema machungu yake. Mashamba yale yalijengwa kwa migongo ya manamba, watu walioletwa kutoka mikoa ya mbali kwa mikataba, wakakata mkonge juani kwa ujira mdogo, na wengine hawakurudi kwao tena. Ukikutana leo Korogwe na familia zenye majina ya makabila ya kusini na ya magharibi, mara nyingi ndipo ilipoanzia safari yao.

Kisha mambo yakageuka. Kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ya mkonge ikaanguka, mashamba yakafa moja baada ya jingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi nzima haukufika hata tani 40,000 kwa mwaka. Mapori yakameza mistari iliyokuwa imenyooka. Kwa watu waliozaliwa kambini na kuzeekea kambini, ilikuwa kama kumzika mzazi.

Hapa ndipo ninapotaka utazame kwa makini. Jani la mkonge likipita kwenye korona, mashine inayotenganisha nyuzi, nyuzi zinazopatikana ni sehemu ndogo sana, hazizidi takriban asilimia tano ya uzito wa jani. Kinachobaki ni majimaji na nyama ya jani, na kwa miaka mingi kilimwagwa tu. Kilinuka, na kilichafua mito. Kila mtu alikijua kama uchafu wa kiwandani. Lakini wakati zao hili liko chini kabisa, watu wakaanza kukitazama kile kilichotupwa na kuuliza ni kitu gani. Na mwishoni mwa miaka ya 2000, katika shamba la Hale wilayani Korogwe, ulizinduliwa mtambo unaogeuza mabaki ya mkonge kuwa gesi, na gesi kuwa umeme, wenye uwezo wa kilowati 150. Ulitajwa kuwa wa kwanza wa aina yake duniani.

Labda miaka yote ya neema hakuna aliyeliuliza swali hilo kwa sababu hapakuwa na haja. Nyuzi zilikuwa zinaleta fedha, nani angeangalia takataka? Zaburi ya 118, mstari wa 22, inasema juu ya jiwe lililokataliwa na waashi ambalo likaja kuwa jiwe kuu la pembeni, na Bwana wetu Yesu alijifananisha na jiwe hilo. Yeye mwenyewe alikataliwa, akatolewa nje ya mji, akatundikwa. Kama kuna mahali ambapo watu walitazama na kuona mwisho wa mambo, ni Golgotha. Na hapo ndipo wokovu wetu ulipokuwa unatendeka.

Kwa hiyo, kabla hujaufunga ukurasa wa mwaka wako mbaya na kusema haukuwa na kitu, chungulia tena kwenye kile ulichokwisha kukitupa.

Maji ya mvua isiyonyesha kwako

Zawadi ya tatu ni ya watu. Wilaya ya Handeni inajulikana kwa shida ya maji. Malambo hukauka, akina mama hutembea mwendo mrefu, na wengine hukesha penye kisima wakingoja maji yajikusanye. Lakini jirani yake Korogwe unapita mto Pangani. Maji ya mto huo yanatoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, yanakusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, kisha yanashuka hadi Korogwe na Hale, yakizungusha mitambo ya umeme kabla ya kufika bahari ya Hindi.

Miaka ya 1970 serikali ilijenga mradi ambao wenyeji wanaujua kwa herufi tatu, HTM, kuyavuta maji ya mto Pangani kutoka upande wa Korogwe hadi Handeni. Mradi umezeeka, umepungukiwa nguvu mara nyingi, na Handeni na Korogwe sasa zimo katika mradi wa maji wa miji 28. Lakini jiulize jambo hili: mtu wa Handeni anayefungua bomba na kukinga ndoo anakinga mvua iliyonyesha mamia ya kilomita kutoka kwake. Kwake mawingu hayakutanda. Ilinyesha kwa wengine, na ikamfikia kwa mkono wa watu waliochimba mtaro na kulaza bomba.

Ndivyo Mungu anavyofanya mara nyingi. Unaomba mvua inyeshe kwako, naye anainyesha kwa jirani, kisha anamgusa jirani akukumbuke. Wengine hukosa zawadi hii kwa sababu ya kiburi. Tunataka Mungu atupe moja kwa moja, tusije tukamshukuru mwanadamu.

Wilayani Handeni kuna kijiji cha Kwamkono, chenye Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Kanisa Anglikana. Walihudumu hapo masista wa shirika lililoanzishwa Magila, Muheza, mwaka 1911 na Askofu Frank Weston, shirika lenye jina la Mateso Matakatifu ya Bwana. Hapo Kwamkono ikawapo pia nyumba ya kuwalea watoto wenye ulemavu, wengi wao wakati ule wakiwa wamepooza miguu kwa ugonjwa wa polio, ili wapate matunzo na waweze kusoma shule kama wenzao.

Polio ilikuwa msiba. Mzazi alilala mtoto wake akikimbia, akaamka mtoto hawezi kusimama. Katika nyumba nyingi mtoto wa namna hiyo alifichwa. Ashukuriwe Mungu, na chanjo: mgonjwa wa mwisho wa kirusi cha asili cha polio hapa Tanzania aliripotiwa mwaka 1996. Lakini kabla ya hapo, kwa watoto wale, zawadi ya Mungu haikuja kwa miguu kupona ghafla. Ilikuja kwa watu waliokubali kuwa miguu yao. Ni kama yule mwenye kupooza wa Marko sura ya 2. Kabla Yesu hajamponya, alikwisha kupewa rafiki wanne waliokubali kubomoa dari ya nyumba ya mtu kwa ajili yake. Hebu niambie, ni wangapi kati yetu tulio wazima tuna marafiki wanne wa namna hiyo?

Usimhubirie mwenye jeraha

Kabla sijaendelea, niseme neno la tahadhari. Tafakari hii ni ya kuisoma juu ya maisha yako mwenyewe. Usiichukue ukaenda nayo msibani. Mama aliyemzika mtoto wake jana hahitaji kuambiwa kwamba kuna zawadi imefichwa. Ukimwambia hivyo utakuwa umemwongezea jeraha, na umemsingizia Mungu. Rafiki watatu wa Ayubu walifanya jambo moja jema: walikaa naye chini siku saba bila kusema neno (Ayubu 2:13). Walipoanza kueleza sababu za mateso yake ndipo walipokosea, na mwisho Mungu mwenyewe akawakemea.

Jihadhari pia na wale wanaoijua shida yako na kuigeuza kuwa mtaji. Mvua ikikatika, mahubiri fulani huongezeka: lete mbegu ya shilingi kadhaa upokee muujiza wako, nunua mafuta, nunua maji, nunua kitambaa. Mtu anauza mbuzi wa mwisho, anabaki hana mbuzi wala muujiza, kisha anaambiwa imani yake ilikuwa haba. Ndugu yangu, mana haikuuzwa. Hakuna Mlawi aliyekaa mlangoni pa kambi akikusanya nauli ya chakula cha mbinguni. Kitu kikishawekewa bei, usikiite zawadi.

Namna ya kuokota mana

Basi tufanye nini? Habari ya mana yenyewe inatupa mambo manne ya kuanza nayo wiki hii.

Kwanza, uliza. Waisraeli hawakuijua mana, lakini angalau waliinama wakaitazama. Jioni moja wiki hii, kabla ya kulala, kaa na watu wa nyumbani mwako, zima simu, kila mmoja ataje jambo moja la wiki hiyo ambalo halikueleweka. Usikimbilie kulipa maana. Liulizeni tu mbele za Mungu: Bwana, hiki ni nini?

Pili, okota cha leo. Kila mtu aliokota pishi moja kwa siku. Waliojaribu kuweka ya kesho waliikuta imeingia mabuu na inanuka. Si kwamba Mungu anakataza kuweka akiba. Yusufu huyohuyo alijaza maghala ya Misri kwa miaka saba, na mkulima asiyeweka mbegu si mwenye imani, ni mzembe. Lakini kuna wasiwasi unaotaka kula leo mateso ya mwezi ujao. Neema ya kesho itashuka kesho. Leo kuna mlenda na mchunga nyuma ya nyumba, kuna bada mezani, kuna mtoto ameamka mzima. Okota hicho, ukishukuru.

Tatu, gawana. Maandiko yanasema aliyeokota nyingi hakuzidiwa, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Mtume Paulo alipowahimiza Wakorintho kuwasaidia ndugu wenye njaa, katika barua ya pili sura ya 8, aliurudia mstari huohuo. Kwake mana lilikuwa somo la mchango. Kama kwako imenyesha na kwa mwenzako haikunyesha, huenda wewe ndiwe bomba. Angalia katika jumuiya yako, katika kikundi chako cha vikoba, katika benchi unalokalia kanisani, ni nani amepungua sauti siku hizi. Mpelekee kibaba cha unga bila kumpiga picha.

Nne, weka kopo moja la kumbukumbu. Mungu alimwamuru Musa ajaze kopo pishi moja ya mana, iwekwe, ili vizazi vijavyo wakione chakula ambacho baba zao walikula jangwani (Kutoka 16:33). Sisi husimulia watoto wetu mafanikio tu, nyumba tuliyojenga na shamba tulilonunua. Wasimulie na jangwa. Waambie mwaka ule mlioishi kwa mihogo, na nani aliwaletea chumvi. Waambie jina lake. Siku nao watakapokuwa jangwani, watajua kwamba familia hii imewahi kupita hapo na haikufa.

Mpendwa, huenda hadi leo unapomaliza kusoma, bado huoni chochote. Hilo nalo si dhambi. Wanafunzi wawili walitembea na Yesu aliyefufuka njia nzima ya kwenda Emau wasimtambue, wakimsimulia huzuni yao Yeye mwenyewe. Hakuwaacha kwa sababu hawakumtambua. Alitembea kwa mwendo wao, na macho yao yalifumbuka mezani, alipoumega mkate.

Tuombe. Baba yetu wa mbinguni, uwaone walio katika nchi kavu. Wape maji, wape chakula, wape kazi ya halali. Na katika siku hizi za kungoja, tufumbue macho tuone kile ambacho tayari umekimwaga mlangoni petu, na tufungue mikono tusile peke yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.